Stuart Little: filamu inamruhusu mtoto kuuliza alikotoka, kisha inamwadhibu kwa kuuliza

#1 Mama_Wawili

Wakuu, heshima kwenu. Uzi huu ni mrefu, mwenye haraka apite tu. Na nitaisimulia filamu mpaka mwisho, kwa hiyo kama hujaiona na unataka kuiona, rudi baadaye.

Nina watoto wawili. Mkubwa nimemzaa, mdogo tulimwasili akiwa na miaka mitatu na sasa ana saba. Hafanani nasi hata kwa bahati mbaya. Tukipita mahali, watu wanamtazama yeye, wananitazama mimi, halafu wanarudi kwake. Anajua kila kitu, hatujawahi kumficha. Ndiyo maana niliposhauriwa niwawekee Stuart Little nikaona limekuja jambo la heri: familia ya New York yenye mtoto mmoja inakwenda kituo cha yatima kutafuta wa pili, inarudi nyumbani na panya. Panya mweupe, kavaa nadhifu, na ana adabu kuliko watu wote humo ndani.

Walicheka kweli. Siku ya kwanza tu paka wa nyumbani anammeza Stuart, baba anamwamuru amteme. Mdogo wangu alijigaragaza sakafuni. Jamaa wa familia walipofika na zawadi za mtoto wa binadamu wakati aliyeletwa ni wa kukaa kwenye kiganja, alicheka tena, ila kidogo. Kaka mtu, George, alipolipuka mbele ya wote kwamba huyu si ndugu yake, huyu ni panya, hakucheka. Alisogea karibu na dada yake.

Sasa nije kwenye lililonileta. Stuart anapendwa, ana kitanda, ana nguo, lakini anawaambia wazazi wake kwamba kuna kitu ndani yake kimepungua, angependa kujua alikotoka. Wazazi wanaumia, ila wanakubali kumuulizia kituoni. Hapo nilitaka kusimama nipige makofi. Ni mara chache filamu ya watoto inasema mtoto anaweza kupendwa kikamilifu na bado akauliza.

Halafu? Panya wawili wanabisha hodi. Sisi ndio tuliokuzaa, umaskini ndio uliotufanya tukuache. Stuart anakwenda nao. Kumbe ni waongo, wametumwa na genge la paka wanaotaka kumuua. Kisha inaletwa habari kwamba wazazi wake halisi walikufa zamani, wameangukiwa na makopo ya supu dukani. Basi. Mlango umefungwa. Aliyeuliza nusura aliwe.

Anatoroka, anarudi nyumbani, anakuta hakuna mtu. Paka anamwambia wamefurahi ulivyoondoka, akamwonesha picha ya familia ambayo uso wa Stuart umekatwa, pamebaki kitobo.

Usiku ule nilitoka chumbani nikakuta taa ya sebuleni inawaka. Mdogo wangu alikuwa sakafuni na albamu zetu zote. Alikuwa anapitisha kidole kwenye kila picha aliyomo yeye, anazunguka kichwa chake polepole, ukingo kwa ukingo. Nikamuuliza unatafuta nini baba. Akasema, "Naangalia kama hamjakata."

Kuanzia siku hiyo mlango ukigongwa anakimbilia nyuma ya kochi. Nimekasirika na filamu, na nimekasirika na mimi mwenyewe ambaye sikuiangalia kwanza. Niambieni, nimekosea kuilaumu?

#2 Bundi_Macho

Naweka kambi hapa.

#3 Kichwa_Ngumu

Dada, panya anaendesha gari na anashinda mashindano ya mashua, wewe unatafuta saikolojia? Hiyo ni katuni. Sisi tulitazama makatuni watu wanalipuliwa baruti na tumekua salama.

#4 Fundi_Picha

Mkuu wa #3, kwanza si katuni. Geena Davis na Hugh Laurie, wanaocheza mama na baba, ni watu wenye nyama na damu, na yule mtoto mwenye miwani pia. Paka nao ni paka wa kweli waliochezeshwa midomo kwa kompyuta. Stuart na wale panya wawili ndio waliotengenezwa wazima kwenye kompyuta, kisha Michael J. Fox akampa Stuart sauti. Filamu iliteuliwa kuwania Oscar ya madoido ya picha, ikaangukia mwaka mmoja na The Matrix, na kila mtu anajua nani alibeba.

Pili, ukubwa wa panya hauondoi ukweli wa jambo. Hadithi za sungura na fisi zilikuwa za wanyama na bado zilikuwa zinatusema sisi.

#5 Kichwa_Ngumu

Sawa mwalimu.

#6 Wa_Mlango_wa_Pili

Mama Wawili, naomba niseme kitu kutoka upande wa mtoto, maana mimi ndiye yule mtoto, ila sasa nina ndevu.

Niliasiliwa nikiwa mchanga. Filamu hii niliiona nikiwa na miaka tisa au kumi, katikati ya baba na mama walionilea, na nakumbuka mpaka rangi ya shuka tuliyojifunika. Wewe unasema wale wazazi bandia walimtisha mwanao. Mimi hawakunitisha. Walipobisha hodi moyo wangu uliruka kwa furaha. Nilitamani wawe wa kweli. Nilikaa pale kati ya watu wawili ninaowapenda nikiwa nawaombea kimoyomoyo wale panya wawili wawe wa kweli, na nikawa najihisi mwizi.

Kisha ikaonekana ni matapeli. Sikulia kwa sababu Stuart yuko hatarini. Nililia kwa aibu, kwamba nimeshangilia matapeli. Mama akadhani nimeogopa paka, akanikumbatia, nikamwacha aamini hivyo. Mpaka leo hajui, nadhani.

Na yale makopo ya supu... ukumbi mzima wa kichwa changu ulisikia watu wakicheka. Ni kichekesho, naelewa. Polisi pale wana mizaha yao, supu ya uyoga na kadhalika. Lakini kwa mtoto asiyejua wazazi wake walikwendaje, hiyo ndiyo taarifa pekee ya msiba ambayo filamu inampa, nayo imekuja imevaa kofia ya kuchekesha.

Kwa hiyo kichwa cha uzi wako nakiunga mkono neno kwa neno. Inamruhusu kuuliza, kisha inamwadhibu. Nilikaa miaka kumi na mbili baada ya hapo bila kuuliza kitu nyumbani. Siwezi kusema ni kwa sababu ya panya. Ila panya hakusaidia.

#7 Mama_Wawili

Wa Mlango wa Pili, nimeisoma mara tatu. Sijafikiria kabisa kwamba anaweza kuwa anajificha nyuma ya kochi si kwa hofu tu, labda na kwa kutaka kuchungulia nani amekuja.

#8 Wa_Mlango_wa_Pili

Kochi ni mahali pazuri kwa yote mawili.

#9 Afisa_Mstaafu

Habarini. Nimefanya kazi ya ustawi wa watoto miaka mingi, sehemu kubwa ikiwa ni kukaa kwenye makochi ya watu nikiuliza maswali ambayo hawayapendi. Filamu hii tulikuwa tunaitania ofisini.

Tuanze na kituoni. Wale wazazi wanaingia, wanawatazama watoto, wanampenda mmoja, wanaondoka naye. Mama mlezi wa pale, Bi. Keeper, anajaribu kuwashauri wasiasili kiumbe wasiyefanana naye, na kusema kweli huo ndio utaalamu wote ulioonekana mle ndani. Hakuna aliyekwenda kuona nyumba yao. Hakuna aliyemuuliza George, ambaye ameachwa shuleni na atakuta ndugu mezani. Hakuna aliyeuliza habari ya paka! Ningekuwa mimi, faili la familia yenye paka inayoomba mtoto panya lingekaa mezani kwangu muda mrefu sana.

Mtoto hachaguliwi kama kiatu. Swali la kwanza huwa ni familia ipi inamfaa mtoto huyu, wala si mtoto yupi anawafaa hawa. Watu wengi wanalishika kinyume, na filamu kama hii zinawasaidia kulishika kinyume.

Lakini kosa linalomhusu mwanao, Mama Wawili, ni jingine. Wale wawili wanabisha hodi na mtoto anaondoka nao. Hakimu hayupo, afisa hayupo. Kwa sheria za nchi nyingi, amri ya mahakama ya kuasili ikishatoka, mtoto ni wenu kama aliyezaliwa nanyi, na haki za wazazi wa mwanzo zimekwisha. Hakuna mtu wa kugonga mlango akaondoka naye jioni hiyo, awe mwongo au mkweli. Wewe unalijua hilo kiasi kwamba huwazi. Yeye je, nani amemwambia? Sheria aliyoiona yeye ni ile ya kwenye filamu.

Mna ile karatasi ya mahakama. Itoeni kabatini mumwoneshe. Aishike mwenyewe.

Na kuhusu kuuliza alikotoka: Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa 1989, ibara ya 7, unasema mtoto ana haki ya kuwajua wazazi wake kadiri inavyowezekana. Uingereza na Wales, tangu sheria ya 1975, aliyeasiliwa akifikisha miaka 18 anaweza kuomba taarifa za cheti chake cha kwanza cha kuzaliwa. Kwa hiyo Stuart hakuomba upendeleo. Aliomba chake.

#10 Jirani_Mwema

Wakuu mnaipiga filamu mawe mpaka naionea huruma. Naomba niitetee kidogo.

Tazameni wazazi wanafanya nini tangu mwanzo mpaka mwisho. Mtoto anaomba kujua asili yake, hawanuni, hawamwambii "tumekukosea nini". Wanakwenda kuulizia wenyewe. Wale panya walipokuja hawakumshikilia kwa nguvu, ingawa unaona sura ya mama inavyobomoka. Bi. Keeper alipowaletea ukweli, wakaita polisi. Polisi waliposuasua, wakatoka barabarani wenyewe kubandika matangazo. Niambieni ni mzazi gani hapo mnayemlaumu.

Halafu ile picha. Mama Wawili, hili nadhani mwanao lilimpita, na pengine hata wewe. Ni kwa nini uso wa Stuart ulikatwa?

#11 Mama_Wawili

Ili paka amdanganye... hapana, ngoja.

#12 Jirani_Mwema

Ngoja kweli. Paka hakukata kitu. Wazazi ndio walioukata uso wake wautumie kwenye matangazo ya kumtafuta. Picha ya mtoto wao waliyokuwa nayo ni ile ya familia, wakachukua mkasi. Stuart anaporudi anakuta nyumba tupu kwa sababu wako mitaani usiku ule wanabandika ule uso kila nguzo. Kitobo alichokiona kwenye picha ndicho kilichokuwa ukutani kote mjini kikiulizwa nani amemwona.

Snowbell, yule paka, hakutunga uongo wa kuonesha. Alichukua kitu cha kweli akakisomea tafsiri mbaya. Ndiyo maana Stuart aliamini.

#13 Bundi_Macho

Mimi nimeiona filamu hii mara sita na hili ndiyo naliona leo.

#14 Wa_Mlango_wa_Pili

Jirani, hapo umenipiga chini. Nakubali. Ila mtoto wa miaka saba haunganishi mambo mawili yaliyopishana dakika kumi. Anachoondoka nacho ni kitobo.

Na hujajibu hoja yenyewe. Sikatai kwamba wazazi ni wema. Ninalosema ni kwamba waandishi walikuwa na njia mia za kumletea Stuart hatari. Paka wapo, jiji lipo, maji yapo. Wakachagua hatari ije kupitia swali lake. Angekaa kimya, asingetokewa na lolote.

#15 Jirani_Mwema

Angekaa kimya angebaki na lile pengo. Na mwisho anarudi akiwa ameshajibu mwenyewe nyumbani ni wapi. Kuna mtu hawezi kuchagua kabla ya kuondoka.

#16 Wa_Mlango_wa_Pili

Ndiyo, lakini alirudi akiwa na jibu moja tu, "nyumbani ni hapa". Lile la "nilitoka wapi" lilizikwa na makopo. Kwani hayawezi kukaa yote mawili? Mimi leo najua jina la mama aliyenizaa, na Jumapili nakula kwa mama aliyenilea. Hakuna aliyekufa.

#17 Jirani_Mwema

Hapo sina la kubisha, kaka.

#18 Fundi_Picha

Wakati mnapumua, niwape historia kidogo maana inaingia kwenye ugomvi wenu.

Kitabu cha E. B. White kilitoka 1945, na humo Stuart hakuasiliwa. Bi. Little alimzaa. Mtoto wa pili wa familia alipokuja, akaonekana amefanana na panya kwa kila kitu, na familia ikaendelea na maisha, ikamtengenezea kitanda kwa boksi la sigara. White hakueleza ilikuwaje na hakuona haja. Aliyekuwa mkutubi mkubwa wa vitabu vya watoto wa maktaba ya umma ya New York, Anne Carroll Moore, alishtuka kiasi cha kuandika barua kupinga kitabu kisichapishwe. Kikachapishwa, kikapendwa.

Mwaka 1999 waliotengeneza filamu wakabadilisha. Mwongozaji ni Rob Minkoff, mmoja wa wawili walioongoza The Lion King, na kwenye hati ya filamu yumo M. Night Shyamalan. Ndiyo, yule yule wa The Sixth Sense, mwaka ule ule. Mtu mmoja, mwaka mmoja, mtoto anayeona wafu na mtoto panya.

Kwa hiyo fikirieni: kitabuni Stuart hana swali la alikotoka, anajua tumbo alilotoka. Swali lile limezaliwa na filamu. Walipomfanya wa kuasiliwa wakajikuta lazima walijibu, na nadhani hawakuwa na jibu, wakaita matapeli.

#19 Afisa_Mstaafu

Yaani mwaka 1945 mtu alikubali kuzaliwa panya, 1999 wakaona afadhali aokotwe. Inafikirisha.

#20 Fundi_Picha

Na kuna hili, nje ya mada kidogo, mnisamehe. Kule sebuleni kwa akina Little, ukutani, kuna mchoro wa mwanamke amelala, mbele yake chombo cheusi. Krismasi ya 2009 mtaalamu wa sanaa wa Hungaria, Gergely Barki, alikuwa anaitazama filamu hii na bintiye nyumbani. Akauona ule mchoro, nusura amwangushe mtoto aliyempakata. Ulikuwa kazi halisi ya Róbert Berény, mchoraji wa kwao, uliopotea tangu miaka ya 1920. Mpambaji wa seti alikuwa ameununua kwa bei ya kutupa kwenye duka la vitu vya kale, hajui ni nini, kwa sababu ulipendeza ukutani. Barki akaandika barua za kuulizia kwa watengenezaji mpaka akampata. Desemba 2014 uliuzwa mnadani Budapest kwa euro 229,500.

Kitu kilichopotea kimening'inia pale muda wote filamu ikizungumzia mtoto anayetafuta asili yake, na hakuna aliyegeuka kukitazama.

#21 Kichwa_Ngumu

Hii sasa ndiyo habari niliyokuja kuitafuta.

#22 Baba_Kimya

Naingia mara moja natoka. Mama Wawili, hujasema chochote kuhusu mkubwa wako. Unasema mdogo alisogea karibu na dada yake. Dada alisema nini?

Nauliza kwa sababu kwetu mimi ndiye niliyekuwa George. Wadogo zangu wawili waliletwa nikiwa na miaka minane. Kila mgeni aliyeingia alikuwa anawatazama wao, kuwasifu wazazi, kuleta zawadi. Mimi niliambiwa "wewe ni mkubwa" mpaka neno lenyewe likanichosha. Filamu hii watu wanamkumbuka panya. Mimi namkumbuka George chini kule kwenye chumba chake cha michezo, peke yake na treni zake na ile mashua isiyokwisha, na Stuart anashuka ngazi si kuomba kupendwa, anashuka kucheza. Hakuna mzazi aliyewapatanisha. Hakuna hotuba. Kulikuwa na gari dogo lililomwenea Stuart, na mashua inayohitaji vidole vidogo kufunga kamba. Siku ya mashindano rimoti ikakanyagwa, panya akaparamia mashua akaiendesha mwenyewe. Ndugu wanapatikana hivyo, kwa kazi ya mikono.

#23 Mama_Wawili

Baba Kimya, hujui umegusa wapi. Hakusema neno. Nimekwenda kumuuliza sasa hivi baada ya kusoma hapa. Amesema, "Mimi nilikuwa namsubiri George aende naye." Nikamwambia aende wapi? Akasema wale panya walipomchukua Stuart, kwa nini George hakupanda gari naye, gari si lake?

Ana miaka kumi na moja. Sikuwa na jibu.

#24 Kichwa_Ngumu

Nimerudi kuomba radhi kwa #3. Nilikuwa nachangamsha baraza. Endelea dada, nafuatilia.

#25 Mwalimu_Chaki

Swali la vitendo kwa Afisa. Darasani kwangu nina mtoto wa kulelewa, na kila muhula kuna zoezi la mtoto kuleta picha yake ya uchanga. Yeye hana. Filamu hii imo kwenye orodha ya za kuwaonesha. Niitoe?

#26 Afisa_Mstaafu

Mwalimu, ningeanza kwa kulitoa zoezi, si filamu. Sema "leta picha unayoipenda", inatosha, na darasa zima litafurahi zaidi.

Filamu waweza kuionesha, ila zungumza na walezi wake kabla, na usimuulize yeye chochote mbele ya wenzake. Watoto hawa wanachoka kuwa mfano wa somo. Sisi kazini tulikuwa na kitabu cha maisha, daftari la mtoto mwenyewe: alikotoka, nani alimlea wapi, picha zilizopo, na penye pengo tunaandika wazi kwamba hapa hatuna picha. Tusijaze kwa hadithi tamu. Nimeona mtoto akifungua ukurasa usio na picha mara nyingi kuliko zenye picha. Alikuwa anataka kuhakikisha bado umeandikwa ukweli.

#27 Mama_Wawili

Mrejesho, maana mmekuwa wema sana.

Juzi tulitoa ile karatasi ya mahakama. Nilidhani atauliza maneno yana maana gani. Hakujali maneno. Aliuliza ile duara ni nini, nikamwambia muhuri. "Unafutika?" Nikamwambia haufutiki. Akalowesha kidole kwa mate kabla sijamwahi, akasugua. Haukufutika. Sasa karatasi ina alama ya kidole pembeni ya muhuri na mwenzangu anasema tusitoe nakala nyingine, ndiyo imekamilika.

Kisha tuliirudia filamu, sehemu ya mwisho tu, nikasimamisha kwenye kitobo. Nikamuuliza uso umekwenda wapi. Akasema paka kaula. Nikapeleka mbele mpaka kwenye matangazo, nikasimamisha tena. Alikaa kimya. Dada yake ndiye aliyemwambia, "Si ule pale." Akasogea mpaka kwenye kioo akaugusa. Akaniuliza kama mimi ningekata picha ipi. Nikamwambia ile ya pwani, umecheka. Akasema hapana, hiyo macho yamefumba, hawatanijua. Tukatafuta nusu saa nzima. Amechagua mwenyewe, ameiweka mbele ya albamu, na amenionya nisiikate kabla hajapotea.

Kuhusu aliyemzaa, nimemwambia yale machache tunayoyajua. Hakuuliza zaidi. Nimemwambia faili lipo na akitaka tutalifungua pamoja. Wa Mlango wa Pili, hilo nimelisema kwa ajili yako pia.

Mlango ukigongwa bado anakimbia. Ila sasa anakimbilia dirishani.

#28 Wa_Mlango_wa_Pili

Nimesoma nikiwa kazini, nimelazimika kutoka nje kidogo.

#29 Mama_Wawili

Jambo moja la mwisho. Sasa wamegundua kuna ya pili, wananisumbua. Safari hii nauliza kabla. Kuna mzazi bandia humo?

#30 Fundi_Picha

Ya 2002. Hakuna mzazi bandia. Kuna ndege anayeitwa Margalo, anajifanya ameumia ili aingie nyumbani kwao, anatumwa na kozi mwizi. Lakini anabadilika. Tulia.

#31 Mama_Wawili

Mgeni mwongo, tena. Haya, hilo naliweza. Hakuna kingine?

#32 Fundi_Picha

Hakuna. Ah, na akina Little wamepata mtoto mchanga. Wa kike.

#33 Mama_Wawili

Wa kuasili?

#34 Fundi_Picha

Wa kuzaa.

#35 Mama_Wawili

Ngoja nikae chini kwanza.